Mayumba kumi ya Lubaga

Zamani Kampala iliogopa Kiswahili. Kilikuwa lugha ya jeshi, na enzi za Amin waliogonga mlango usiku wakiwa na bunduki ndicho walichoongea. Ajabu ni kwamba ulinzi wa mtaa nao uliingia na jina la Kiswahili: mayumba kumi.

Mfano ulitoka Tanzania, ambako TANU iliweka balozi kwa kila nyumba kumi. Amin alipoangushwa Aprili 1979, Kampala nayo ikauchukua. Wazo lilikuwa dogo tu: jirani ajue nani amelala nyumba ya pili.

Miaka iliyofuata, waasi wa NRA waliunda kamati za vijiji huko Luweero. Walipoteka Kampala Januari 1986, kamati zikaenea nchi nzima, kila moja na katibu wa usalama. Baada ya Katiba ya 1995 zikaitwa LC. Lubaga mpaka leo kesi ya mwizi au ugomvi wa usiku huanzia kwa ssentebe wa LC1, halafu polisi.

Lakini ssentebe huyo alichaguliwa 2001, na uchaguzi uliofuata ukaja Julai 2018. Miaka 17! Wapangaji wengi walihamia Nateete na Ndeeba bila kumpigia mtu kura.

Kwa mkimbizi hilo si jambo dogo. Kitu kikiibiwa, macho hugeukia mgeni asiyejulikana. Kwa hiyo ukihamia, jitambulishe kwa ssentebe na kwa majirani wa pande zote mbili. Hao ndio watakaosema, "Huyu tunamjua."