Kamba Ndiyo Chombo

Kuna swali ambalo limeulizwa kwa zaidi ya miaka elfu moja: mbona watu wa Bahari ya Hindi walishona vyombo vyao badala ya kuvipiga misumari?

Procopius, mwanahistoria wa karne ya 6, alitaja uvumi wa zama zake kwamba huku kwetu kuna miamba ya sumaku inayong'oa chuma chote kwenye chombo kinachopita. Yeye hakuuamini. Alisema meli za Warumi zilikuwa na chuma tele na zilipita Bahari ya Shamu bila tatizo lolote. Maelezo yake yalikuwa mafupi: watu hao hawana chuma, na hawana pa kukipata.

Miamba ya sumaku tumeshaicheka na kuisahau. Hilo jibu la pili bado liko hai. Nililisikia darasani kabla sijaacha chuo mwaka wa tatu, na nimelisikia baadaye kwenye video za watu wanaojua kila kitu: walishona kwa sababu hawakuwa na misumari. Yaani kushona ni umaskini.

Tatizo ni kwamba mwaka 1154 al-Idrisi aliandika kuhusu Malindi kwamba wenyeji walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowaletea faida kubwa kuliko biashara nyingine. Wachimbuaji wa mambo ya kale nao wamekuta mabaki ya ufuaji chuma katika miji ya zamani ya pwani hii. Miaka zaidi ya 300 baadaye, mnamo 1498, watu wa Vasco da Gama walipofika Kisiwa cha Msumbiji waliona vyombo vikubwa vya mbao zilizofungwa kwa kamba, bila msumari. Kwa hivyo chuma kilikuwepo na watu bado walishona. Mtu akiwa na kitu na asikitumie, hapo pana sababu ya kutafutwa.

Mimi niliitafuta kwa kujenga kimtepe kidogo cha sentimita 50 juu ya meza ya kulia chakula, Kisauni.

Kwa wasioujua, mtepe ulikuwa chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu: Pate, Siyu, Faza. Mikubwa ilikaribia mita 20. Ulikuwa na gubeti refu lililochomoza mbele kama shingo ya ngamia, macho yaliyochorwa ubavuni, na tanga la mraba lililofumwa kwa miyaa kama mkeka. Ulibeba boriti za mikoko na nafaka. Leo hakuna hata mmoja wa zamani unaoelea. Tulichobaki nacho ni picha chache, maandishi ya watu waliouona, na vielelezo vidogo vya mbao, kama kile cha Makumbusho ya Lamu. Huko ndiko nilikouona mara ya kwanza, na nikarudi na picha nyingi kwenye simu.

Mtu anayeanza kujenga meli za mbao kwa kawaida hununua boksi kutoka ng'ambo, tuseme Cutty Sark au HMS Victory. Ndani mna mkuku na mataruma yaliyokatwa tayari. Unasimamisha mataruma kama mbavu za samaki, kisha unayavisha mbao. Umbo la meli limeshaamuliwa na mtu mwingine, kazi yako ni kulifunika. Bei yake ni kodi ya nyumba ya mwezi, kwa hivyo sikuwa na uamuzi mgumu. Nilichukua mabaki ya mbao kwa fundi wa makabati, akanipasulia vipande vya unene wa milimita 2. Nilinunua msasa, gundi na sindano ya keke, nazo hazikumaliza shilingi 600.

Lakini mtepe haujengwi kama Cutty Sark. Unaanza na mkuku, unasimamisha mbele na nyuma, halafu unaleta mbao moja kwa moja: unalowesha ubao kwenye maji moto, unaupinda taratibu, unaushona kwa ubao wa chini yake. Mataruma huja mwishoni, ndani ya ganda ambalo limeshakuwa chombo. Hakuna wa kukuambia tumbo lipanuke wapi. Jicho ndilo linaamua, ubao kwa ubao. Nilipofika ubao wa nne ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna mchoro wa mtepe ulioachwa na mafundi wenyewe. Mchoro ungekuwa wa nini? Umbo lilikuwa kichwani mwa fundi, na kila chombo kilikuwa hesabu mpya.

Mbao zote zilinichukua siku tisa. Kamba ilinichukua wiki tano.

Ngoja nieleze hiyo kamba, kwa sababu vitabu vingi huipitia kwa sentensi moja. Unaanza na makumbi ya nazi. Unayafukia kwenye matope ya ufukweni ambako maji hujaa na kupwa, na unayaacha miezi kadhaa mpaka nyama yake ioze. Unayafukua, unayaponda kwa gongo, unayaosha, unayaanika. Unabaki na nyuzi za usumba. Kisha unazisokota, na kila futi ya kamba imepita viganjani mwa mtu. Mimi nilinunua usumba uliokwisha kuandaliwa, kwa hivyo nilirukia hatua ya mwisho tu. Bibi mmoja jirani yetu, aliyelelewa na kazi hii, alikaa nami barazani jioni tatu kunionyesha.

"Usiubane, mwanangu. Uviringishe. Mkono mmoja unakwenda, mwingine unarudi."

"Hivi, bibi?"

"Hivyo. Sasa fanya mpaka Ramadhani."

Alikuwa anatania, ila si sana. Kimtepe changu, ambacho nilikipunguzia mishono kwa sababu ya udogo wake, kilikula zaidi ya mita 60 za uzi mwembamba. Kwa ukubwa halisi unazungumzia kamba ambayo kijiji kizima kingesokota kwa msimu. Na baada ya kamba kulikuwa na tanga: kuanika miyaa, kuichana, kusuka ukili, kuunga ukili kwa ukili.

Sasa jiulize ni nani aliyefanya kazi hiyo. Katika desturi ya pwani, kusuka ukili ni kazi ya wanawake, na kusokota usumba kumekuwa mikononi mwao kwa sehemu kubwa. Ukienda Zanzibar leo, wanaofukia na kuponda makumbi ni wao. Historia ya vyombo vya pwani tumeisoma kama historia ya mbao na chuma, ya mafundi na manahodha, wanaume watupu. Lakini saa ukizihesabu, sehemu kubwa ya mtepe ilitengenezwa nchi kavu na watu ambao hawakupanda kamwe. Mbao bila kamba ni kuni, na mlingoti bila tanga ni mti tu.

Hapo ndipo swali la misumari lilipogeuka mbele yangu. Nilipomaliza kushona niliushika mtepe wangu huku na huku nikaukunja kidogo. Ukakubali. Uligeuka kama kikapu na kurudi. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alishaeleza jambo hili: bahari hii ina mawe mengi, chombo cha misumari kikigonga hupasuka, cha kamba hulegea na kusalimika. Fikiria pwani isiyo na gati, ambako chombo hupandishwa mchangani maji yakipwa na kupigwa na mawimbi kwenye matumbawe. Msumari hushika kutu na kula ubao ulio pembeni yake. Kamba ikioza, unashona upya, na mnazi uko pale pale ufukweni. Si ajabu kwamba mwandishi Mgiriki wa karne ya 1 alisema mji wa Rhapta, kwenye pwani hii yetu, ulipata jina lake kutokana na vyombo vilivyoshonwa. Sisi tulijulikana kwa mshono kabla ya kujulikana kwa kitu kingine.

Sitaki kuupamba. Mtepe ulivuja, na mabaharia walifua maji safari nzima. Kamba zilihitaji kurudiwa mara kwa mara. Na kielelezo kidogo nacho kina mipaka yake: maji hayapungui ukubwa kwa sababu chombo kimepungua, kwa hivyo changu hakiwezi kuniambia chochote kuhusu dhoruba. Misumari ya kiwandani iliposhuka bei, jahazi la misumari lilijengwa haraka zaidi na kubeba bila kuvuja sana, na mtepe ukaanza kutoweka. Kufikia katikati ya karne ya 20 ulikuwa umekwisha. Haukushindwa kwa ujinga. Ulishindwa kwa bei ya saa za watu.

Mwaka 2003 mafundi walijenga mtepe mpya Zanzibar, ukawekwa katika ukumbi wa Beit al-Ajaib. Chombo ambacho hakikuwa na mchoro kilirudi kwa sababu kulikuwa na vielelezo vya kupima, na kwa sababu bado walikuwepo watu wanaojua kamba. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na wengi wetu tulikumbushwa kwamba hata makumbusho si sanduku la chuma.

Kwa hivyo ukiniuliza nini kiko hatarini, sitakutajia mbao. Mafundi wa majahazi bado wapo Lamu na wanapasua mbao hadi leo. Vipimo vipo, picha zipo. Lakini barazani kwetu kamba za kuanikia nguo ni za nailoni, na yule bibi ananiambia mimi ndiye mwanafunzi wake wa kwanza baada ya miaka mingi, tena mwanafunzi wa kamba ya chombo kisichozidi urefu wa mkono. Wajukuu zake wako Nairobi na Doha. Mtu akitaka kujenga mtepe miaka 50 ijayo, ubao ataupata. Atakapokwama ni pale pa kutafuta anayejua mkono upi unakwenda na upi unarudi.