Leso, Buibui na Haki ya Mtoto: Historia ya Stara ya Mama Anyonyeshaye



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Tulikuwa tunavuka Likoni, feri imejaa, jua la mchana limewaka. Dada mmoja amekaa na mtoto mchanga, na mtoto analia kilio cha njaa. Dada huyo alivaa abaya jeusi zuri, limefungwa hadi shingoni, halina kifungo wala zipu. Nguo ya kuvaliwa kichwani na kuvuliwa kichwani. Alimbembeleza mtoto, akampa kidole, akamgeuza bega hili na lile, na machozi yakawa karibu kumtoka yeye mwenyewe. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu naye akavua leso yake ya mabegani akasema, "Mwanangu, usimlize mtoto wa watu. Shika hii." Mwanamke mwengine akatoa leso ya pili. Moja ikawekwa mapajani, moja ikashikwa juu, na chini ya pazia hilo dada akalipandisha abaya lake mpaka mtoto akapata ziwa. Feri ilipofika ng'ambo, mtoto alikuwa amelala.

Jambo hilo lilitufikirisha sana. Ilikuwa kazi ya wanawake watatu na leso mbili, na bibi zetu walikuwa wakilifanya kwa mkono mmoja, sokoni, shambani na harusini, bila ya mtu kujua kama mtoto ananyonya au amelala. Je, bibi zetu walikuwa na stara ndogo kuliko sisi? La hasha. Tofauti imo katika nguo. Katika makala haya tutaitazama historia ya nguo hizo, kwani ndani yake mna funzo kwa mama wa leo, kwa mume wake, na kwa binti anayesoma ambaye kesho atakuwa mama, in shaa Allah.

UWAZI CHINI, SITARA JUU

Kwanza tujue kuwa kunyonyesha si jambo la aibu katika dini yetu. Allah (S.W.) amelitaja katika Qur'ani mahali pengi. Katika Suratul Baqara aya ya 233 umetajwa muda wa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na baba akapewa jukumu la kumlisha na kumvisha mama huyo kwa wema. Tuizingatie aya hii vizuri: nguo ya mama anayenyonyesha imetajwa humo humo, na imewekwa juu ya bega la baba.

Tena imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Umar (R.A.) kwamba waliletwa mateka mbele ya Mtume (S.A.W.), na kati yao alikuwamo mwanamke. Alipompata mtoto alimkumbatia kifuani na kumnyonyesha pale pale. Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Bali aliwauliza Swahaba zake kama mwanamke yule angeweza kumtupa mwanawe motoni, kisha akawafahamisha kuwa Allah ni mwenye huruma zaidi kwa waja wake kuliko mama yule kwa mtoto wake. Mama anayenyonyesha mbele za watu alifanywa mfano wa rehma ya Mola. Na imepokewa pia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto ndani ya swala huifupisha swala ile, kwa kuchelea kumtia mama yake mashakani. Basi akina mama walikuwa wakitoka na watoto wao wachanga mpaka msikitini.

Na stara je? Katika Suratun Nur aya ya 31 wanawake wameamrishwa waangushe mitandio yao juu ya vifua vyao. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni juyub, yaani ule uwazi wa nguo penye shingo na kifua. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa aya hiyo iliposhuka wanawake wa Kihajiri walizipasua shuka zao wakajifunika nazo. Tukizingatia, tunaona mambo mawili kwa pamoja: nguo ya ndani yenye uwazi kifuani, na kitambaa kipana juu yake kinachoufunika uwazi huo. Uwazi chini, sitara juu. Mpango huu ndio unaomfaa mama mwenye mtoto, na ndio tutakaoukuta tena katika pwani yetu.

KANIKI, MERIKANI NA LESO

Karne ya 19 wanawake wengi wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Kilwa, walijifunga vitambaa visivyoshonwa. Kulikuwa na kaniki, kitambaa cha pamba cheusi kilichotiwa nili. Kulikuwa pia na merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu za Wamarekani, hasa kutoka bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kitambaa hicho kikaenea hata bara, kikabaki na jina la nchi kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata biashara ile, vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vilichukua nafasi kubwa zaidi.

Kisha ikaja leso. Jina lenyewe limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Wazee wanasimulia kuwa wanawake walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakaviunganisha kwa sindano mpaka vikatosha kujifunga. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuvipiga chapa vikiwa kitambaa kimoja chenye pindo na mji. Hapa Mombasa jina linalojulikana zaidi ni la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887. Yeye ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kutia maneno katika leso, mwanzoni mwa karne ya 20, na maneno hayo hapo kale yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Leso huuzwa mbili mbili, na kila moja ina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa karibu mita moja. Moja hufungwa mwilini, na ya pili hujitandwa kichwani na mabegani. Mama akitaka kunyonyesha, ile ya mwilini huilegeza kidogo tu, na ile ya juu inamfunika yeye na mtoto. Hakuna kinachoonekana ila miguu ya mtoto. Ni ule ule mpango: uwazi chini, sitara juu.

MKAJA NA UBELEKO

Wazee wetu walijua kuwa nguo na unyonyeshaji ni vitu vilivyofungamana, na wakalitia jambo hilo katika ada za ndoa. Anayeposa hutakiwa kutoa kilemba cha baba, na mama wa bibi harusi hupewa mkaja na ubeleko. Mkaja ni ile nguo anayofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto. Maana ya ada hii ni nzito: kijana anakumbushwa kuwa binti anayemchukua alibebwa mgongoni na kunyonyeshwa, na kwamba kazi ile ilikuwa na gharama yake. Leo ada hizo mara nyingi hulipwa kwa pesa ndani ya bahasha, na vijana wengi hawajui tena majina haya yana maana gani. Wazazi, tuwafundishe.

BUIBUI LA ZAMANI

Zamani wanawake wa koo kubwa za Lamu walipotoka walitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoshikwa na watumwa. Wanawake watumwa wenyewe hawakuruhusiwa kujisitiri kama mabibi zao. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Katika miaka hiyo buibui jeusi lilienea, na wanahistoria wameeleza jinsi wanawake waliokuwa wametoka utumwani walivyolivaa kwa fahari, kwa kuwa sasa heshima ya stara ilikuwa ni yao pia. Kwa hiyo tusilione buibui kuwa ni kitambaa tu. Kwa wengi lilikuwa tangazo la uhuru.

Buibui lile la kale lilikuwa pana mno, likianzia kichwani na kushuka hadi miguuni, na chini yake mwanamke amevaa gauni au leso zake. Mtoto aliingia chini ya buibui akanyonya, na mama akaendelea na safari yake.

ABAYA NA UGUMU WA LEO

Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, ndugu zetu wengi walipokwenda kufanya kazi Uarabuni na biashara na Dubai ikapanuka, likaja abaya lililoshonwa kama kanzu au koti. Ni vazi zuri na la heshima, nasi hatulisemi vibaya. Lakini mitindo mingine hushonwa kwa kubana kifuani, imefungwa mbele yote, na mtandio wake ni mfupi na mwepesi. Hapo mpango wa zamani umegeuzwa: chini hakuna uwazi, na juu hakuna sitara ya kutosha. Mama aliyevaa hivyo akiwa safarini hubaki na njia tatu: mtoto alie, mtoto apewe chupa, au mama ajifungie chooni. Na ni nani kati yetu anayekula chakula chake chooni?

Si Waislamu tu wanaopata mtihani huu. Mwezi Mei 2018 akina mama waliandamana jijini Nairobi baada ya mama mmoja kueleza kuwa alizuiwa kunyonyesha waziwazi mkahawani na kuelekezwa chooni. Na tarehe 7 Agosti 2019, siku ya mwisho ya Wiki ya Kunyonyesha Duniani, Mheshimiwa Zuleikha Hassan, wakati huo Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge la Taifa kwa kuingia na mtoto wake wa miezi mitano. Haya yalitokea ingawa Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke mahali pa kunyonyeshea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Miaka miwili hiyo Waislamu tunaijua tangu zamani!

BASI TUCHAGUE NGUO GANI?

Historia imeshatuonyesha kanuni. Kilichobaki ni kuitumia.

1. Nguo ya ndani iwe na uwazi. Gauni au dira lenye vifungo au zipu mbele, au blauzi ya kupandishwa. Ukinunua abaya, tazama kwanza kama linafunguka hadi kifuani. Kama halifunguki, mpelekee fundi cherehani atie zipu mbili za kufichwa katika mishono ya pembeni ya kifua. Si kazi kubwa.

2. Nguo ya juu iwe pana. Mtandio mrefu unaofika chini ya kifua, au khimar, hutosha peke yake. Mtandio mfupi wa kuteleza utakuvunja moyo.

3. Kitambaa kiwe cha pamba. Joto la pwani si la mchezo, na mtoto aliyefunikwa kwa nailoni hutoka jasho na kukataa kunyonya. Mwachie pua wazi apate hewa, nawe uweze kumwona uso.

4. Punguza pini. Pini ya mtandio karibu na jicho la mtoto ni hatari. Funga fundo au chomeka ncha.

5. Rangi za maua na michoro huficha madoa ya maziwa kuliko nguo ya rangi moja.

6. Jaribu nyumbani mbele ya kioo kabla ya kutoka. Mazoezi ya siku mbili tatu yatakuondolea wasiwasi.

7. Usitoke bila leso. Ni pazia, ni shuka, ni ubeleko, na ni kitambaa cha kufutia.

Akina baba nao wana sehemu yao. Nguo ya mkeo anayenyonyesha ni wajibu wako kama tulivyoona katika aya. Mkiwa safarini, mpishe upande wa dirisha, kaa wewe upande wa njia, na usimharakishe. Nasi sote tunaopita, tuinamishe macho. Stara haikuwekwa juu ya shingo ya mama peke yake, kwani kabla ya aya ya 31 ya Suratun Nur ipo aya ya 30, inayowaamrisha wanaume wainamishe macho yao.

Yule mama wa feri hakumsomea dada yule khutba wala hakumuuliza kwa nini amevaa vile. Alivua leso yake akampa. Huo ndio urithi wetu, na tusiuache upotee kwa kukosa zipu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape afya akina mama wote wanaonyonyesha, awakuze watoto wetu katika kheri, na awarehemu bibi zetu waliotubeba na kutunyonyesha. Amin.

Wabillahi tawfiq.