Bastola ya upepo ya shabaha: ukirudi mchezoni, ununue ipi?



Tangu ile picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki izunguke dunia nzima mwaka 2024, mkono mmoja mfukoni na miwani yake ya kawaida usoni, nimekuwa nikipata meseji za watu waliowahi kulenga shabaha zamani na sasa wanataka kurudi. Jamaa alikuwa na miaka 51, na yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan waliondoka na medali ya fedha ya Olimpiki ya Paris. Sasa kila mtu anasema, kama yule kaweza, mimi je? Halafu swali linafuata: ninunue bastola gani?

Mimi mwenyewe nilirudi kwenye mchezo huu hapa Uingereza baada ya kukaa pembeni miaka 14, kwa hiyo nimeona niyaandike yote sehemu moja. Jibu la kifupi ni hili: usinunue bastola unayoikumbuka. Nunua inayoufaa mkono, jicho na mfuko ulionao leo, maana vyote vitatu vimebadilika tangu uondoke.

Mchezo wenyewe, kwa waliosahau

Unasimama meta 10 kutoka kwenye shabaha na unashika bastola kwa mkono mmoja tu. Risasi ni za milimita 4.5. Duara la pointi 10 lina upana wa milimita 11.5, yaani ni dogo kuliko ukucha wa dole gumba. Bastola isizidi gramu 1,500, na triga isifyatuke kwa uzito chini ya gramu 500. Mchezo umo kwenye Olimpiki tangu Seoul 1988, kwa wanaume na wanawake.

Dada zangu mlioacha kabla ya 2018, hapa pana jambo jipya. Enzi zenu mlipiga risasi 40, sasa ni 60 sawa na wanaume. Hizo 20 za ziada zinabebwa na bega lile lile, kwa hiyo uzito wa bastola unaonunua sio kitu cha kudharau.

Sheria kwanza, hela baadaye

Baada ya mauaji ya Dunblane ya 1996, bastola za baruti karibu zote zilipigwa marufuku England, Wales na Scotland mwaka 1997. Ndiyo maana ya upepo ndiyo njia kuu ya kucheza bastola hapa. England na Wales huhitaji leseni kama nguvu yake haizidi futi-pauni 6, na za meta 10 ziko chini ya hapo. Lazima uwe na miaka 18 kununua, na dukani unakabidhiwa ana kwa ana. Scotland ni tofauti: tangu 31 Desemba 2016 unahitaji cheti cha polisi. Ireland ya Kaskazini nako wana sheria zao, kali zaidi, usidhani ni kule kule.

Njiani bastola ikae ndani ya kasha lililofungwa, bila risasi ndani, na usiitoe kwenye basi hata kumwonyesha rafiki. Kuwa na silaha ya upepo mahali pa umma bila sababu ya msingi ni kosa. Na tuseme ukweli jamani, mtu mweusi akionekana kituo cha basi na kitu chenye umbo la bastola, hakuna atakayesubiri kuuliza kama ni ya michezo.

Mlioko nyumbani, Bongo, Kenya na kwingineko: usiagize kitu mtandaoni kikufuate. Nenda polisi kwanza uulize utaratibu. Mzigo wa aina hii ukikamatwa forodhani, maneno ya "nilidhani ni ya kuchezea" hayatakusaidia.

Aina nne utakazokutana nazo

*1. Za springi.* Mfano maarufu ni Feinwerkbau 65 ya Ujerumani, iliyoanza kutengenezwa 1965. Hii ndiyo wengi wetu tunaikumbuka. Ukifyatua, mwili wa juu unateleza nyuma ili mkono usisikie mshtuko. Bado inalenga vizuri sana, haihitaji mtungi, haihitaji umeme. Tatizo ni umri: springi na sili zake zinachoka, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza zilibadilishwa lini na nani anaitengeneza karibu nawe.

*2. Za gesi ya CO2.* Zilitamba miaka ya themanini na tisini. Presha ya gesi hii inafuata joto la hewa, kwa hiyo ukumbi ukiwa na baridi ya Januari risasi inatoka na kasi nyingine. Utaziona zikiuzwa bei poa sana. Bei ni poa kwa sababu hiyo.

*3. Za kupampu mara moja.* Unavuta mkono wa pampu mara moja kwa kila risasi. Hapa kuna IZH-46M ya Urusi na Feinwerkbau 103. Hazina mtungi wala springi kubwa, na zinadumu. Lakini hesabu: risasi 60, ongeza za majaribio, kila moja na pampu yake. Bega bovu litakuambia ukweli kabla hujafika risasi ya 30.

*4. Za hewa iliyoshindiliwa.* Steyr LP10 na Evo 10, Morini CM 162, Walther LP400 na LP500, Feinwerkbau P8X, Pardini K12. Hizi ndizo wanazotumia wakubwa leo. Mtungi mdogo chini ya mtutu unajazwa hadi bar 200, na mjazo mmoja unamaliza mashindano mazima na mazoezi juu. Mtikisiko hakuna. Ila mpya nyingi zinapita pauni 1,000, na unahitaji pa kujazia: pampu ya mkono au mtungi mkubwa kama wa wapiga mbizi. Klabu nyingi wanao, uliza kwanza. Hewa ya kawaida tu, iliyo kavu. Oksijeni kamwe, inaweza kulipuka.

Mtumba au kitu na boksi?

Hapa ndipo watu wanapoliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Bastola ya aina ya nne inaweza kudumu miaka mingi sana. Mtungi wake haudumu hivyo. Mitungi mingi imepewa na watengenezaji muda wa miaka 10 tangu ilipotengenezwa, na tarehe imegongwa kwenye mtungi wenyewe. Kanuni za kimataifa zinampa mchezaji jukumu la kuhakikisha mtungi wake haujapitwa na muda. Ukipitwa, mashindanoni wanaweza kukuzuia, na hata kama hushindani, bar 200 karibu na uso wako sio mchezo.

Basi ukiona tangazo la bastola ya 2009 "mitungi miwili, hali safi", omba picha ya tarehe. Muuzaji akizungukazunguka, achana naye. Kama mitungi imepitwa, ongeza bei ya mipya kwenye bei anayotaka, kisha ulinganishe. Na uhakikishe mtengenezaji bado anauza mitungi ya modeli hiyo.

Mpini kuliko jina

Jaribio hili halina gharama. Shika bastola isiyo na risasi, ielekeze upande wa shabaha, fumba macho, nyanyua mkono, tulia, fumbua. Kilengeo cha mbele kiko katikati ya mwanya wa nyuma? Rudia mara tano. Kama kila mara unakikuta kimekimbilia upande mmoja, mpini huo haukufai, hata iwe bastola ya bingwa wa dunia. Mipini ina saizi kama viatu, ipo ya kulia na ya kushoto, na ya mbao unaweza kuipiga msasa taratibu.

Jicho lako la leo

Kwenye bastola unatazama kilengeo cha mbele kiwe wazi kabisa, shabaha yenyewe iwe na ukungu. Baada ya miaka 40 hivi, jicho linaanza kukataa kuona wazi umbali wa mkono ulionyooshwa. Wengi hulaumu bastola na kununua nyingine. Kabla hujafanya hivyo, pima umbali kutoka jichoni hadi kwenye kilengeo cha mbele, nenda nao kwa mtaalamu wa miwani, mwambie unataka kuona wazi pale. Lenzi moja inaweza kukuokolea mamia ya pauni.

Triga ya umeme au ya kawaida?

Ya umeme ni laini na inarahisisha mazoezi bila risasi, ila ina betri na saketi. Manu Bhaker wa India bastola yake iliharibika katikati ya mchujo kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, akapoteza dakika nyingi na akakosa fainali. Miaka mitatu baadaye, Paris, akachukua shaba mbili. Simlaumu mtengenezaji, kila mashine ina siku yake. Lakini kwa anayerudi, asiye na fundi wala bastola ya akiba, triga ya kawaida inatosha.

Mimi nilifanyaje

Miezi mitatu ya kwanza niliazima bastola ya klabu. Nilichohitaji kujua ni kama nitakuwa naenda kila wiki hata mvua ikinyesha, na hilo halinunuliwi. Kisha nikachukua mtumba ya hewa iliyoshindiliwa, triga ya kawaida, mpini saizi yangu, mitungi ikiwa na miaka saba mbele. Wapo wanaoniambia ningeongeza kidogo nipate mpya. Hicho "kidogo" kwangu ni ada ya muhula mzima ya mdogo wangu nyumbani, na shabaha haijui bei ya bastola.

Mwisho kabisa: risasi hizi ni madini ya risasi kweli kweli. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na usile ukumbini.

Mwenye swali au aliyerudi na bastola tofauti aseme hapo chini. Taja saizi ya mkono wako na bajeti, tusaidiane.

Nawasilisha.