Kelele Zenye Hukumu: Mabaraza ya Wanawake wa Hanang na Mbulu

Historia ya Hanang na Mbulu imezoeleka kusimuliwa kama historia ya vijana wenye mikuki na wazee wenye fimbo. Wanawake hutajwa wakilia msibani au wakinung'unika nyumbani, na manung'uniko yao huchukuliwa kama zile kelele za chura ambazo hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Picha hiyo inavunjwa na makala ya George Klima iliyochapishwa mwaka 1964 katika jarida la Africa, kuhusu haki baina ya wanaume na wanawake wa Kibarabaig. Anayeisoma kwa makini ataona kwamba kelele za wanawake wa Hanang zilikuwa mwenendo wa mahakama.

Klima aliishi na Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, katika miaka ya 1950, Hanang ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Alikuta baraza la wanawake walioolewa, girgwageda gademga. Yako makosa ambayo mume akimtendea mkewe huhesabiwa amewatendea wanawake wote, kama vile kumpiga mzazi ambaye bado yumo ndani na mtoto mchanga. Habari ikienea, wanawake wa jirani waliacha kazi, wakakusanyika mahali pao mbali na wanaume, wakalalamika kwa sauti, wakasikiliza maelezo na kukata shauri. Mkosaji alitozwa ng'ombe dume wa kuchinjwa, na akikaidi alikabiliwa na laana. Hapo pana kosa linalofahamika, ushahidi, hukumu na adhabu. Sielewi mahakama inahitaji nini zaidi. Sauti kubwa ilikuwa na kazi yake: shauri lililosikiwa na ujirani mzima halikuweza kuzimwa ndani ya boma moja. Tena mke wa Kibarabaig hakuwa mtu wa mikono mitupu. Aliolewa akiwa na ng'ombe aliopewa na jamaa zake, na mume hakuweza kuwafanyia apendavyo.

Wapo watakaosema baraza hilo halikuwa na nguvu, kwa kuwa mwanamume alilipa kwa hiari yake. Ni kweli kwamba wanawake hawakuwa na askari, lakini mabaraza ya wanaume nayo hayakuwa nao. Yote yalisimama juu ya faini, aibu na laana, na anayeyaita ya wanaume sheria huku ya wanawake akiyaita fujo anapima kwa mizani miwili. Dhaifu zaidi ni ile nadharia aliyoieneza Max Gluckman tangu miaka ya 1950, kwamba maasi ya kimila hupoza hasira ili utaratibu ubaki ulivyo. Ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa harudi zizini kwa mwenyewe, na hasara hiyo haiwezi kuitwa maigizo.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba mabaraza hayo yalihusu uzazi na unyumba tu. Jibu liko Mbulu, kwa Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi na haina undugu wa karibu na Kidatoga, lugha ya Kiniloti. Katherine Snyder, katika utafiti wake wa mwaka 1997 kuhusu tambiko la masay, anaonyesha wanawake wakipinga mamlaka ya wazee waliopewa dhamana ya kulinda ustawi wa nchi. Mahali ambapo ustawi huo hutegemea mvua, kumdai mzee wajibu wake ni siasa. Wala si jambo la huku peke yake. Wakati wa mgogoro wa kodi ya mbiru uliozuka Upare mwaka 1945, wanawake nao waliandamana. Hata vijijini Uingereza, majirani walikuwa wakigonga masufuria nje ya nyumba ya mume mpiga mke, na mwanahistoria E. P. Thompson aliona katika makelele hayo namna ya watu wa kawaida kutoa hukumu.

Mipaka ya nguvu ya mabaraza hayo ilionekana mashamba ya ngano yalipokuja Hanang. NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Canada, lilitwaa takriban ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig. Kijiji cha Mulbadaw kilishinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo, sababu mojawapo ikiwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Anayeona hapo ushahidi kwamba malalamiko ya kimila hayakuwa na maana amekosea. Baraza lilimfunga jirani kwa sababu jirani aliishi chini ya laana ileile na aliona aibu mbele ya watu walewale. Shirika la umma halikufungwa na kimojawapo. Mlalamikaji hakupungukiwa sauti; aliyelalamikiwa ndiye aliyekuwa nje ya sheria yake.

Kwa hiyo girgwageda gademga iondolewe katika sura za ngoma na mila, iwekwe katika sura ya sheria na utawala. Na bibi waliowahi kuketi katika mabaraza hayo waulizwe mashauri yaliamuliwaje, kama tunavyowauliza wazee wa kiume habari za vita.