Uamshaji wa Miundo

“Baharia aliyemwita nahodha amefika.” Waulize watu walioketi pwani ya Bagamoyo: nani kamwita mwenzake? Mmoja atasema baharia ndiye aliyeita. Mwingine atasema la, aliyeita ni nahodha, na baharia kaitika. Wote wana haki, maana Kiswahili humruhusu mtenda kukaa nyuma ya kitenzi kirejeshi.

Sasa tuseme kabla ya hapo walisikia: “Mkutano aliouita nahodha umekwisha.” Mkutano hauwezi kumwita mtu, kwa hiyo hapa nahodha hana budi kuwa mtenda. Akili ikishapita njia hiyo, inakuwa nyepesi kuipita tena, na jibu la pili linapata nguvu. Hali hii, ambapo sentensi iliyotangulia hurahisisha kutunga au kuelewa sentensi nyingine yenye umbo lilelile, naiita uamshaji wa miundo. Wapo watakaopendelea “uchochezi”, lakini neno hilo magazetini ni la mahakamani. Na “utangulizi” hutaja mpangilio tu, haliisemi athari. Muundo tunao tayari kichwani, sentensi huuamsha.

Kathryn Bock, mwanasaikolojia wa Marekani, alilionyesha jambo hili mwaka 1986: waliorudia sentensi ya kutendwa walielekea kuieleza picha isiyohusiana nayo kwa kutendwa vilevile. Mwaka 1998 watafiti Martin Pickering na Holly Branigan wakaonyesha kuwa athari huzidi kitenzi kinaporudiwa. Ndiyo maana nimerudia “ita” katika mifano yangu.

Kwangu, lenye uzito zaidi ni mazoea ya muda mrefu. Wapo watafiti wanaouona uamshaji kuwa ujifunzaji wa kimyakimya, usioisha sentensi inapoisha. Mchukue Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin na kuandika sehemu kubwa ya “Desturi za Wasuaheli”, kitabu alichokihariri Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903. Msomaji aliyelelewa na “amba-” ya magazetini na maofisini anaweza kujikwaa kurasa za mwanzo, kwa vile urejeshi wa pale hukaa ndani ya kitenzi. Asikimbilie kamusi, maneno mengi anayajua. Asome kurasa kumi mfululizo, kwa sauti. Walimu nao wawape wanafunzi matini ndefu za namna hiyo kabla ya kuwapa sentensi mojamoja za kuchanganua.