Muzee Pilipili Mulongoy, mchoraji wa samaki

Asubuhi pa Kapolowe, mitumbwi inaporudi kutoka ziwa Tshangalele, wanawake wanakuwa tayari na mabeseni yao. Ndani kuna tilapia, kuna kambale na sharubu zake, na pembeni kwenye matete kuna ndege amesimama kwa mguu mmoja, anangojea tu mtu ageuze macho. Ni mambo ya kila siku, hakuna mtu anayasimamia kuyaangalia. Lakini pa Lubumbashi kuliishi mzee mmoja aliyeyaangalia kwa miaka sitini hivi, akayachora, akayachora tena, mpaka Wazungu wa mbali wakamjua kwa samaki wake. Jina lake Pilipili Mulongoy.

Alizaliwa mwaka wa 1914 na akafa 2007. Tuhesabu kidogo alipita katikati ya mambo gani. Alipozaliwa, mji wa Élisabethville ulikuwa na miaka 4 tu. Aliona kazi ya Union Minière ikikua. Aliona uhuru wa 1960, Katanga ikijitenga chini ya Tshombe mpaka 1963, kiisha Mobutu. Mwaka wa 1966 Élisabethville ikaitwa Lubumbashi, na Jadotville ikawa Likasi. Union Minière ikawa Gécamines, Congo ikawa Zaïre, Zaïre ikarudi Congo. Majina yote hayo yalibadilika, na katika picha za muzee samaki aliendelea kumeza samaki mdogo kuliko yeye.

Mambo yake ya uchoraji yalianza kweli na Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés. Huyu alifika Élisabethville wakati wa vita ya pili ya dunia, na mwaka wa 1946 akafungua atelie ambayo watu waliiita Le Hangar. Haikuwa shule kama tunavyoijua, na mwalimu mbele akionyesha namna ya kuchora pua. Romain-Desfossés alitoa kartasi, rangi na brashi, kiisha akawaacha watu wachore yaliyo kichwani mwao. Hakutaka waige picha za Ulaya. Ndani ya atelie hiyo walikuwa Pilipili, Mwenze Kibwanga, Bela na wengine. Kila mmoja alipata njia yake. Bela aliacha brashi, akachora na ncha za vidole. Mwenze alijaza wanyama na watu wake mistari mifupi mifupi iliyolala pamoja. Na Pilipili akachukua nukta.

Hapo ndipo ukaidi wake ulipo. Picha ya Pilipili haina mahali patupu. Nyuma ya samaki, kati ya majani, juu ya mgongo wa mamba, kila pahali kuna nukta na alama ndogo ndogo, moja karibu na ingine, zimepangwa kwa uvumilivu ambao mtu wa haraka hawezi kuwa nao. Hakuna kivuli, hakuna umbali. Maji na anga ni kitu kimoja. Ndege analisha watoto wake, nyoka anapanda kwenye kiota, samaki wakubwa wanafuata wadogo, kuku yuko na vifaranga. Mtu akiangalia haraka atasema ni picha ya kupendeza ya kutundika sebuleni. Akikaa nayo kidogo ataona kwamba karibu kila mnyama pale anakula, au anataka kuliwa, au anamlinda mtoto wake asiliwe. Mvuvi hahitaji mtu amfasirie jambo hilo.

Kuna watu wanaomlaumu Romain-Desfossés, na wana sababu. Kumwambia Mwafrika abaki na wanyama na majani, asiguse mambo ya mji, treni, mshahara na polisi, wakati Wabelgiji ndio wanatawala, si uhuru mtupu. Ni kweli pia kwamba picha hizo zilipendwa sana na wanunuzi Wazungu. Lakini Romain-Desfossés alikufa mwaka wa 1954, na Pilipili aliishi miaka mingine zaidi ya hamsini bila yeye. Kama samaki wangekuwa mawazo ya Mfaransa peke yake, muzee angekuwa na nafasi ya kutosha ya kuwaacha.

Hakuwaacha. Atelie ilipokwisha, alienda kwenye Akademia ya sanaa ya Élisabethville, iliyofunguliwa na Mbelgiji Laurent Moonens mwaka wa 1951, na yeye mwenyewe akawa mwalimu wa vijana pale. Karibu yake, katika mji ule ule, uchoraji mwingine ukazaliwa. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda-Matulu alikuwa akichora historia ya inchi: Lumumba amefungwa, askari, wafanyakazi wa migodi wanapigwa risasi. Picha hizo zilitundikwa ndani ya nyumba za watu wa kawaida, na watu walizungumza mbele yao. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mmoja alichora yale watu waliogopa kusema, mwingine akabaki na ndege na kiota. Si lazima kuchagua kati yao, ila inashangaza kwamba wote wawili walitembea barabara zile zile za Lubumbashi.

Mwaka wa 2015, miaka minane nyuma ya kifo chake, picha za Pilipili zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Congo, Beauté Congo, kwenye Fondation Cartier. Watu wa kule walilipa tiketi waone samaki wa kwetu. Mtoto wa Kapolowe anayetaka kuona picha hizo leo, kazi yake nyingi imeshaenda mbali.

Na samaki wenyewe? Tshangalele si ziwa la tangu zamani. Lilitokea maji ya Lufira yalipozuiwa na bwawa la Mwadingusha, lililomalizika 1930 kwa kutafuta umeme wa viwanda. Viwanda vya Likasi vimekuwa vikimwaga uchafu wa madini upande wa ziwa hilo kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa 2016 juu ya samaki wa Tshangalele ulikuta madini mengi ndani ya nyama yao, kobalti ikiwemo. Watu wanaendelea kuwala, kwa sababu ndio chakula kilichopo.

Kama kuna picha ya zamani nyumbani kwa babu, pa Likasi ao Kambove, iangalie vizuri kabla ya kuiuza kwa bei ya kartasi. Wengi wameiga namna yake. Angalia kama nukta zinafika mpaka kwenye ukingo, kisha tafuta jina kwenye kona.