Ngitili

Ngitili ni eneo la malisho na miti ambalo Wasukuma wa Shinyanga hulifunga wakati wa masika na kulifungua kiangazi kikikaza, nyasi zikiwa zimekaukia papo hapo zilipoota. Kuna ngitili za kijiji, za shule na za kaya. Ya kaya aghalabu ni hekta chache jirani na boma, haina ua. Majirani ndio ua wake.

Kuharibika

Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori kwa bidii ya ajabu ili kumtokomeza mbung'o. C.F.M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mdudu huyo Tanganyika hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938, alikuwa na makao yake Shinyanga. Kisha pamba ikadai mashamba, ng'ombe wakaongezeka, na katika miaka ya 1970 vijiji vya Ujamaa vikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

HASHI

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (1986–2004), uliofadhiliwa na Norwei, ulianza na vitalu vya miche, mingi ya kigeni, na wananchi hawakuichangamkia. Wataalamu wakarudi kwenye ngitili. Kazi yenyewe ni ndogo: kisiki cha mgunga kinachotoa machipukizi kumi huachiwa mawili yaliyonyooka, mengine hukatwa yakawa fito na kuni, na mbuzi huzuiwa. Ngitili zilizokuwa na hekta 600 hivi mwaka 1986 zilikadiriwa kufikia zaidi ya 350,000 katika vijiji 833 mradi ulipofungwa. Ndege walirudi, na safari za kina mama kutafuta kuni zikapungua.

Usimamizi

Dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, huweka sheria; sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, hukamata; mkosaji hulipa faini.

Kando ya mito

Mbali na sheria za dagashida, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bustani za nyanya za ukingoni hazijaisoma.

Hali ya sasa

Ngitili za kaya hurithiwa, na kila mgawo huzidi kuzipunguza. Baadhi ya wenyewe hukodisha malisho. Mwaka 2012 sehemu za mkoa zilimegwa kuunda Simiyu na Geita, kwa hiyo takwimu za hapo juu ni za Shinyanga ya zamani.